Wa Kumimina Maji

Katika Kisiwa cha Gosling mwanamume anaweza kujipikia, kujifulia, hata kujikata nywele mwenyewe mbele ya kioo chenye ufa, na hakuna atakayemsema. Lakini glavu zake za baharini hawezi kuzipika peke yake. Ndivyo wanavyosema huko, kupika glavu, na hawasemi kwa mzaha.

Glavu zenyewe ni za sufu nzito ambayo bado ina mafuta ya kondoo. Hazina vidole. Zina chumba kimoja cha vidole vinne na kibanda cha dole gumba pembeni, wala hazijui kulia na kushoto. Mwanamke huzifuma kubwa kupita kiasi, mgeni akiziona zimeanikwa atauliza kama kisiwani kuna jitu. Kisha mvuvi huzivaa zote mbili, huinamia karai lenye sabuni ya magadi, na mtu mwingine humimina maji ya moto kutoka kwenye birika huku mwenye mikono akisugua glavu kwa glavu. Joto likiingia, sufu hujikunja, hujikaza, hupungua na kuwa nene, mpaka inaukamata mkono uliomo ndani na kuchukua umbo lake. Ikitoka hapo ni ya mtu huyo na hakuna mwingine itakayemtosha. Na ikishapungua imepungua, hata ukiivuta na ng'ombe wawili hairudi. Baharini wanazichovya majini, wanazikamua, wanazivaa mbichi hivyo hivyo, na mikono inakaa na joto kutwa nzima. Watu wa bara hawaliamini jambo hili, na hakuna mtu kisiwani anayehangaika kuwaaminisha.

Sasa mtu aliyevaa glavu mbili zilizolowa atashikaje birika? Hapo ndipo penye kazi. Kwa hiyo kisiwani husemwa kwamba anayekumiminia maji ndiye mwenye nyumba yako. Na ukionekana unamiminiwa na mwanamke asiye wako, basi mchungaji aanze kupiga pasi suti yake nyeusi ya kufungishia ndoa.

Orrin Pinkham alimiminiwa maji na mkewe, Lettie, tangu mwaka waliooana. Lettie alikuwa mfupi, mwenye mikono midogo na ulimi mrefu. Alimimina maji yakiwa bado yanatokota, na Orrin akivuta pumzi kwa meno, alimwambia, "Ukipiga kelele nakuongezea." Kila mwaka maneno ni hayo hayo, na kila mwaka Orrin alipiga kelele kusudi ili ayasikie.

Kila mwaka pia Lettie alifuma jozi mbili. Moja ilikuwa ya Orrin, na nyingine ya Hollis, kaka yake Orrin, ambaye hakuwahi kuoa na aliishi peke yake upande wa pili wa ghuba katika nyumba ya marehemu wazazi wao. Siku zote alianza na ile ya Hollis. Orrin akinung'unika, alijibiwa, "Asiye na mtu hutangulia. Wewe una mimi, ngoja."

Ndugu hao wawili walikuwa hawasemezani. Ugomvi wao ulikuwa wa mwamba. Baba yao alikuwa na mwamba wake chini ya maji, mahali penye kambakoche wengi, na alikufa bila kusema unabaki kwa nani. Orrin akawahi kutega pale madema yake ya kunasia kambakoche. Asubuhi moja akakuta boya lake limefungwa mafundo mawili shingoni, na katika pwani ile mafundo hayo hayana tafsiri mbili: nimekuona, ondoka. Orrin akayafungua mafundo, akatega tena palepale. Hollis akaacha kutega kwenye mwamba ule, na akaacha pia kumsalimu mdogo wake. Mwamba ukabaki kwa Orrin, na kambakoche wake walikuwa watamu kama wa mtu mwingine yeyote.

Lettie peke yake ndiye aliyeuzunguka ufuko kwenda kwa Hollis. Alimwachia glavu kibarazani zikiwa bado kubwa, akarudi zake. Mwaka mmoja alirudi kimya, akavua viatu, akasema, "Nenda kammiminie maji kaka yako."

"Ana mikono miwili," Orrin akajibu.

"Ndiyo taabu yenyewe," akasema Lettie, na hakulirudia tena neno hilo.

Lettie alifariki mwezi wa Septemba, watu walipokuwa wanaanza kupasua kuni. Moyo ulisimama akiwa anaanika shuka. Walimzika nyuma ya kanisa, Hollis akasimama mwisho kabisa karibu na ukuta, kofia mkononi, na kabla watu hawajamaliza kupeana mikono alikuwa amekwisha ondoka.

Orrin aliporudi nyumbani alikikuta kikapu cha kufumia chini ya kiti cha mkewe. Ndani mlikuwa na jozi moja iliyokamilika, kubwa, nyeupe, ikinuka kondoo. Na kwenye sindano palikuwa na ukingo wa glavu nyingine, umeanzwa tu.

Orrin hakuwa mjinga. Alimjua mkewe. Jozi iliyokamilika ilikuwa ya Hollis, na yake yeye ni ile iliyoanzwa. Lakini moyo wa mfiwa ni wakili hodari, unaweza kumtetea hata mwizi aliyeshikwa na kuku kwapani. Ukamwambia: labda mwaka huu alianza na yako. Labda alihisi jambo, akakutanguliza mara moja tu maishani. Unajuaje? Hakuna aliyeandika jina ndani ya glavu.

Akaziweka glavu juu ya kiti cha Lettie. Ukingo ule akauacha kwenye sindano zake. Hakumwambia mtu, na hakuuzunguka ufuko.

Baridi ikaja. Nyumba ambayo zamani ilikuwa ndogo kwa watu wawili ikawa kubwa. Orrin aligundua kwamba alikuwa hajui kikombe kipi ni chake, maana kwa miaka yote alipewa tu kikiwa kimejaa. Jumamosi, siku ya maharage ya kuokwa, alifungua ya kopo akayala amesimama karibu na jiko, kijiko kikigonga bati. Alizungumza na redio. Redio ilipomaliza taarifa ya hali ya hewa aliiambia ahsante, kisha akaona aibu, akaizima.

Glavu zake za mwaka uliopita zilitoboka viganjani kabla ya Krismasi. Hizo nyingine zilikuwa pale kitini, kubwa, zinamngoja. Kuzipika peke yake hakujua, na kumwomba mtu hakuweza. Tena kulikuwa na hofu nyingine iliyokuwa mbaya zaidi. Glavu ikipikwa huvaliwa, ikivaliwa huchakaa, na baada ya hizo hakuna nyingine. Zikiwa bado kubwa, ilikuwa kana kwamba Lettie hajamaliza kazi.

Basi akaenda kununua glavu za pamba kwa Thelma Stinson.

Thelma alikuwa mjane mwenye duka pale juu ya gati, mwanamke mnene, mwepesi wa kutoa mkopo na mwepesi zaidi wa kutoa maoni. Karibu na jiko la duka walikuwa wamekaa wavuvi wawili watatu, na mmojawapo alikuwa Merle, ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo.

"Jamani, tazameni mikono ya mzee Orrin," Merle akasema. "Kama kambakoche aliyetolewa chunguni. Siku hizi nani anakumiminia, mzee?"

"Jichunge wewe," Orrin akasema.

"Mimi nauliza tu kwa heshima. Maana nimesikia Thelma ana birika jipya."

"Ninalo," Thelma akasema bila kuinua macho kwenye mizani, "na wewe Merle nitakumiminia kichwani."

Wakacheka. Orrin masikio yakamwaka. Akaweka glavu za pamba juu ya meza ya duka, akatafuta fedha mfukoni kwa vidole visivyopinda.

Wakati huo huo Hollis akapita nje, anateremka kwenda gatini. Alikuwa mrefu, anatembea ameinamisha kichwa. Mkono wa kulia ulikuwa na glavu iliyomkaa vizuri ingawa imechakaa, na wa kushoto ulikuwa na glavu pana iliyofungwa kifundoni kwa kamba ya dema isije ikamvuka.

"Huyo anakuja Kubwa-na-Ndogo," Merle akasema. Lilikuwa jina la utani la siku nyingi. Kila mwaka glavu za Hollis zilitoka hivyo, moja imekaa na moja inapepea, na kila mwaka kisiwa kizima kilicheka. Orrin naye alikuwa akicheka, tena kwa sauti. Siku hiyo aliinama akahesabu fedha zake.

"Mwacheni," Thelma akasema. "Mwaka huu atavaa nini, maskini? Aliyekuwa anamfumia hayupo." Na alipokuwa anamrudishia Orrin chenji, alimtazama usoni kidogo kupita ilivyohitajika.

Orrin akatoka. Njiani alijiambia kwamba Thelma hajui kitu. Kisha akajiambia kwamba hata kama anajua, ni shauri lake.

Glavu za pamba hazikumsaidia. Zililowa, zikaganda, zikawa kama kuvaa mabati. Vidole vyake vikapasuka kwenye viungo, chumvi ikaingia humo, na asubuhi moja akashindwa kufunga fundo ambalo amelifunga tangu utotoni. Akakaa juu ya dema, injini ikiunguruma, akaona kana kwamba mafundo yote aliyowahi kufunga maishani yamekwisha kazi. Akasema kwa sauti, "Lettie, nina baridi." Hapakuwa na mtu ila ndege wa baharini, nao walitaka chambo tu.

Jumapili ile, siku ambayo hakuna mashua inayotoka, akaamua.

Alijiona ana akili. Kama hakuna wa kumimina, basi glavu iende yenyewe kwenye maji. Angechemsha sufuria kubwa, atie sabuni, atumbukize glavu, aikoroge kwa kijiti. Kila baada ya muda angeitoa na kuipima juu ya glavu yake ya zamani, na ikifika kipimo, aiopoe. Kwa tahadhari akachukua moja tu, nyingine akaiacha kitini. Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri mno. Sufu ilianza kujikaza, akaitoa, akaipima: bado kubwa kwa kiasi cha kiganja. Akairudisha. Akaanza hata kupiga mluzi, jambo ambalo hakulifanya tangu Septemba.

Mlango ukagongwa.

Akachungulia. Alikuwa Thelma, ameshika bakuli lililofunikwa kitambaa. Nyuma ya Orrin sufuria ilikuwa inatokota, birika liko pembeni yake, karai limetengwa, na glavu nyeupe juu ya kiti. Orrin akaona picha nzima jinsi itakavyosimuliwa karibu na jiko la duka. Akatoka nje upesi, akaufunga mlango nyuma yake, akausimamia kama askari wa benki.

"Nimekuletea maharage ya jana, jirani," Thelma akasema, akampa bakuli. "Na mkate mweusi. Hunikaribishi ndani? Kuna upepo."

"Ndani kuchafu."

"Nimezaa watoto wanne, uchafu naujua." Akanusa hewa. "Unapika nini kinanuka sabuni?"

"Chai."

"Chai ya sabuni," Thelma akasema polepole. "Haya. Kila mtu na tumbo lake."

Angeondoka pale, kama Orrin angenyamaza. Lakini kwa hofu ya kuonekana anaficha kitu, akaanza kuuliza habari. Akauliza habari za binti yake Thelma aliyeolewa bara, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu binti alikuwa na mimba, na mkwe alikuwa na kiwanja, na kiwanja kilikuwa na kesi. Thelma aliegemea nguzo ya kibaraza akaifuata kesi ile tangu mwanzo. Orrin aliitikia, aha, ehe, kweli kabisa, bakuli likimpoa mikononi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi mtu kusema naye kwa muda mrefu hivyo. Hili ndilo alilokuja kujilaumu kwalo baadaye: kwamba kwa kitambo alisahau sufuria kabisa, na aliisahau kwa kufurahi.

Thelma alipoondoka, Orrin akaingia ndani mbio.

Aliiopoa kwa kijiti, maji yakachuruzika. Ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu na ndogo kama ya mtoto. Akajaribu kuivuta huku inamuunguza. Akajaribu kuingiza mkono wake, vidole vikaingia nusu vikakataa. Akaikanda, akailazimisha juu ya mpini wa shoka, akairudisha mezani. Haikukubali, na alijua tangu mwanzo kwamba haitakubali.

Akakaa nayo. Ilikuwa bado na joto. Baada ya muda akaona kwamba ameishika namna fulani, ameizungushia vidole vyake na dole gumba lake limelala juu ya dole gumba la glavu. Hivyo ndivyo alivyokuwa anamshika Lettie wakitoka kanisani njia ikiwa na barafu. Kipimo kilikuwa kilekile. Glavu iliyopikwa bila mkono ndani ilikuwa imepungua, ikapungua, ikasimama ilipofika kwenye mkono wa aliyeifuma. Orrin akalia. Alilia kwa sauti, mzee mzima, maana hapakuwa na mtu wa kumsikia, na hilo likamzidishia kulia.

Alipomaliza aliosha uso. Akaitia ile ndogo mfukoni, akaichukua ile iliyobaki pale kitini, akavaa koti. Kuna wizi unaoweza kukaa nao ukiwa umefaulu. Ukiharibika, hauna tena mahali pa kukaa. Akauzunguka ufuko.

Nyumba ya wazazi wao ilikuwa imepakwa rangi upya upande wa baharini tu. Kuni zilikuwa zimepangwa vizuri. Orrin alisimama kibarazani, mahali ambapo Lettie alikuwa anaacha glavu, na kabla hajagonga mlango ukafunguliwa.

"Nimekuona tangu kule kwenye mawe," Hollis akasema. "Nikadhani utarudi."

"Hata mimi nilidhani."

"Ingia basi. Unaingiza baridi."

Ndani palinuka kahawa na lami. Palikuwa na kiti kimoja mezani. Hollis akakitoa kwa mgeni, mwenyewe akakaa juu ya sanduku. Wakatazama jiko. Miaka yote waliyonyamaziana ilikuwa imekaa nao pale, nayo haikuwa na haraka.

Orrin akaitoa glavu kubwa, akaiweka mezani. "Kaka, hii ni yako. Lettie alikufumia kabla hajafa. Zilikuwa mbili."

"Na ya pili?"

Orrin akaitoa ile ndogo, akaiweka kando ya mwenzake. "Nimeiua. Nilitaka zote ziwe zangu. Nilijua ni zako, nikajifanya sijui."

Hollis akaiinua ile ndogo. Akaigeuza, akaipapasa mshono wa dole gumba, akaiweka chini polepole.

"Umeichemsha bila mkono ndani."

"Ndiyo."

"Hata mimi niliwahi, mwaka wa kwanza." Akainuka juu ya sanduku alilokalia, akafunua kifuniko chake. "Njoo uone."

Sanduku lilijaa glavu. Nyeupe za zamani zilizogeuka manjano, za kijivu, zenye ukingo wa bluu wa mwaka ule Lettie alipopata uzi wa bluu. Zote zilikuwa kubwa. Si kubwa za kuanzia, maana zilikuwa zimekwisha onja maji ya moto, lakini zililegea, pana, hazijaukamata mkono wa mtu.

"Za kushoto hizo," Hollis akasema. "Navaa moja, namimina kwa mkono mwingine, nasugua kwenye ubao. Mkono wa kulia unajua kusugua. Huu wa kushoto unabembeleza tu. Ya kulia inakaa, ya kushoto inabaki hivi. Naifunga kamba, naimaliza baridi nayo. Ile iliyokaa inachakaa naitupa. Hii kubwa inabaki nzima, na siwezi kutupa kazi ya shemeji."

Orrin aliingiza mkono ndani ya sanduku, akazigusa. Kila moja alikuwa ameiona ikifumwa, jioni baada ya jioni, mbele ya macho yake, akiwa amenyoosha miguu kwenye jiko. Na kila moja alikuwa ameicheka ikipita gatini.

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Shemeji angesema anakuja kunimiminia mwenyewe, na midomo ya kisiwa hiki unaijua." Hollis akafunga kifuniko nusu, akakifungua tena. "Na wewe ulikuwa na mwamba."

Neno hilo lilisemwa bila hasira, na ndiyo maana lilimchoma Orrin mpaka ndani. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na yeye aliijua methali hiyo tangu mdogo. Aliitumia kuwasema wavivu tu.

Akaichukua ile glavu kubwa mpya, akachagua sandukuni nyingine inayokaribiana nayo, ya ukingo wa bluu. Zote mbili akamwekea kaka yake mapajani.

"Iliyopungua hairudi," akasema. "Lakini hizi hazijamaliza safari. Birika lako liko wapi?"

Hollis alimtazama. "Unataka kunimiminia wewe?"

"Vaa."

Birika likawekwa jikoni, na wote wawili wakalisubiri wakiwa wamesimama, hawana la kufanya na mikono yao. Lilipochemka Hollis akavaa glavu, akainama juu ya karai kwa mashaka, mikono ameinyoosha kama mtu anayengoja kufungwa pingu. Hakujua hata akae vipi. Orrin akamsogeza bega, akamimina.

Hollis akavuta pumzi kwa meno.

"Ukipiga kelele nakuongezea," Orrin akasema. Lilimtoka lenyewe.

Mikono ikasimama ndani ya karai. "Nani anasema hivyo?"

"Lettie. Kila mwaka."

Mvuke ulikuwa unampanda Hollis usoni. "Basi ongeza," akasema, akaanza kusugua.

Alisugua glavu kwa glavu, kulia kukimfundisha kushoto, na Orrin akamimina kidogo kidogo kama alivyokuwa amemiminiwa. Sufu ikaanza kujikaza. Hollis akainua mikono, akaigeuza mbele na nyuma. Zilikuwa zimekaa, zote mbili. Akakunja vidole, akavikunjua, akakunja tena. Alikuwa mtu mzima aliyezoea kamba kwenye kifundo, na sasa alikitazama kile kifundo kana kwamba amepoteza kitu.

"Zamu yako," akasema hatimaye. "Chagua."

Orrin akachagua mbili sandukuni. Akazivaa, akainama. Hollis alikuwa mmiminaji mbaya sana. Aliogopa kumuunguza, akamimina kwa woga, akasimama kila mara kuuliza kama ni moto mno, na Orrin akamwambia si moto, mimina kaka, mimina. Maji yakaingia kwenye nyufa za vidole, yakauma vibaya, yakapasha joto mpaka ndani ya mfupa. Sufu ikajikunja. Ikashika kidole kwa kidole, ikashika kiganja, ikashika na kifundo, mahali palepale iliposhika kila mwaka wa maisha yake.

"Zimekaa," Hollis akasema, akashusha birika.

Zilikuwa zimekaa kweli, hata kipofu angejua. Nje jua lilikuwa linaanza kushuka, na upande wa pili wa ghuba nyumba yake ilikuwa inamngoja na bakuli la maharage yaliyopoa. Orrin hakuitoa mikono kwenye karai.

"Bado," akasema. "Mimina."

Hollis akazitazama glavu, akamtazama mdogo wake. Kisha akajaza birika upya, akalirudisha jikoni lichemke.